Mgonjwa wa presha sio mkaidi, ni nyie hamuulizi

Jana asubuhi kwenye daladala dereva kafungulia redio, kipindi cha afya, dokta anahojiwa kuhusu presha. Mwanzo alikuwa anaongea vizuri tu, chumvi, mazoezi, kupunguza mwili, hayo tunayajua. Mtangazaji akamuuliza mbona watu wengi wanaanzishiwa dawa afu wanaacha. Dokta akacheka. Akasema tatizo la watu wetu ni ukaidi, mtu akijisikia nafuu kidogo anatupa vidonge anakimbilia majani. Mtangazaji naye akacheka, na nusu ya daladala ikacheka. Mimi nikashuka Buguruni moyo unanienda mbio kwa hasira, na kwa mtu anayetumia dawa za presha hiyo sio habari njema.

Hivi jamani, kuna mtu amewahi kuwauliza hao wakaidi wameacha kwa nini?

Presha haiumi. Hapo ndo mtego wote ulipo. Unaweza kuwa na 170 kwa 100 na uko harusini unakula pilau, unacheza, unapiga picha, huna habari. Siku unayoanza dawa ndo siku unayoanza kuumwa. Unainuka kitandani dunia inazunguka, kichwa kinagonga, miguu inajaa, mkojo hauishi, mdomo mkavu, uchovu wa ajabu. Sasa mtu yeyote mwenye akili timamu atajumlisha mwenyewe: nilikuwa mzima, nimepewa kidonge, naumwa, basi kidonge ndo ugonjwa. Hesabu yake haina kosa lolote isipokuwa hajaambiwa upande wa pili, figo na kiharusi, au ameambiwa kwa kutishiwa tu, "utapooza wewe!", kama mtoto anavyotishiwa na mzimwi.

Mjomba wangu yuko Tanga, mtu mzima, na mtaani kwao ndo alikuwa muadhini kwa miaka mingi. Sauti anayo kweli. Presha ikapatikana, akaandikiwa enalaprili, akanywa kwa utiifu kabisa maana yeye ni mtu wa kufuata masharti, dawa kila siku baada ya alfajiri. Baada ya wiki kadhaa kikaanza kikohozi. Kikavu, hakitoi kitu, kinatekenya koo hasa usiku akilala chali. Akanunua dawa ya kikohozi ya maji. Wapi. Akanywa tangawizi na asali, akafukiza mvuke, akapewa antibayotiki duka la dawa, akamaliza dozi, kikohozi kipo palepale kinamsubiri. Akarudi hospitali, na ukishakohoa zaidi ya wiki mbili nchi hii unajua kinachofuata, makohozi, eksirei, TB. Majibu safi. Lakini watu mtaani hawasomi majibu, watu wanasikia tu kwamba fulani kapelekwa kupimwa TB. Mkaza mjomba akaanza kumtengea kikombe na sahani, kwa upole, bila kusema kitu. Wajukuu wakaambiwa wasimkalie babu mapajani. Na msikitini ikawa akifika "hayya alas-salaah" anakatika katikati anakohoa kwenye kipaza sauti mtaa mzima unasikia, mpaka wazee wakamwita pembeni wakamwambia pumzika kidogo sheikh, tumpe kijana ajifunze.

Muda wote huo anameza enalaprili. Kila alipokwenda, aliulizwa anavuta sigara? Anaishi na mtu anayekohoa? Anapungua uzito? Hakuna aliyemuuliza unatumia dawa gani. Aliyegundua ni binti wa famasi, tena kwa bahati. Mjomba alikwenda kununua dawa nyingine ya kikohozi, yule binti akamuuliza, shikamoo babu, una ugonjwa mwingine wowote? Presha. Unatumia nini? Akatoa kile kikaratasi mfukoni. Binti akamwambia babu usiache leo, nenda kwa daktari mwambie akubadilishie, hiki kikohozi ni cha hii dawa. Akabadilishiwa losatani, dawa nyingine ya presha, na mwezi haukuisha kikohozi kikaondoka.

Afu sio siri hii! Hizi dawa zinazoishia na "pril" zina historia nzuri tu ya kusimulia, zilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil anaitwa jararaca, na ya kwanza ya vidonge, kaptoprili, iliruhusiwa Marekani 1981. Zinazuia kimeng'enya fulani mwilini na presha inashuka, sawa, lakini kimeng'enya hichohicho ndo kinachovunja kitu kinaitwa bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inajaa, koo na mapafu yanawashwa, unakohoa. Inakadiriwa kwenye watu kumi mmoja hivi anapatwa, na wanawake wanapatwa zaidi. Imo kwenye vitabu tangu miaka ya 80. Yaani mtu anakaa darasani miaka mitano anafundishwa hili, anafanyia mtihani, anafaulu, afu anakaa mezani mbele ya mzee anayekohoa anamwandikia dawa ya kikohozi.

Na huyo mjomba angeacha kidonge kimyakimya tangu mwanzo, angepona kikohozi, angerudi kuadhini, na yule dokta wa redioni angemwita mkaidi.

Mimi yangu ni miguu. Natumia amlodipini, na ikifika jioni vifundo vya miguu vimejaa, ukibonyeza kidole panabaki shimo, viatu nilivyovaa asubuhi jioni havivaliki. Kwa joto la Dar ndo usiseme. Nilipokwenda kulalamika nikaandikiwa Lasix, kidonge cha kukojosha maji. Nikakojoa mpaka nikachoka, miguu ipo vilevile. Baadaye daktari mwingine, mdada mmoja mtaratibu sana Mungu amuweke, akanieleza kitu kilichonichukua dakika mbili kukielewa: amlodipini inatanua mishipa inayopeleka damu lakini ile inayoirudisha haitanuki hivyo, maji yanavujia kwenye nyama za mguu, kwa hiyo sio kwamba mwili una maji mengi, na Lasix haina cha maana cha kufanya hapo. Akanishusha kutoka miligramu 10 kwenda 5, akaniongezea losatani ndogo. Miguu haijawa kama ya msichana lakini viatu vinaingia. Kumbe inawezekana! Dawa ya kutibu madhara ya dawa, nayo ikileta madhara yake utapewa ya tatu, wakati jibu lilikuwa kupunguza ile ya kwanza.

Na naomba mtu asiniletee kwamba naichukia amlodipini. Siichukii. Utafiti wa CREOLE wa 2019, uliofanyika kwa Waafrika wenyewe, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha michanganyiko yenye amlodipini inashusha presha kuliko ule usiokuwa nayo. Ni dawa nzuri. Ndo maana inaniuma kuona wamama wanaiacha kwa sababu ya viatu.

Tuje kwenye kile kikaratasi. Ukienda duka la dawa unakatiwa vidonge kwa mkasi, vinatumbukizwa kwenye bahasha ndogo imeandikwa 1x1, kwaheri. Boksi linabaki kwao, na ile karatasi ya maelezo inabaki ndani ya boksi. Hata ukiipata, maandishi ya sisimizi na Kiingereza juu. Hivyo bibi wa Mbagala anameza kitu miaka kumi na taarifa pekee aliyonayo kuhusu hicho kitu ni moja mara moja.

Haya, nikubali kidogo. Madaktari wamezidiwa, nimeona foleni ya kliniki ya presha, mnafika saa kumi na mbili asubuhi mnatoka mchana, na mtu mmoja ana wagonjwa wa kujaza basi. Na wapo kweli watu wanaoacha dawa kwa sababu nabii kawaambia wamepona, hao sina la kuwatetea. Lakini kumuuliza mtu "dawa inakukera wapi?" kunachukua sekunde ngapi? Kufoka kunachukua muda mrefu zaidi, nimeshuhudia.

Wanaume ndo kabisa. Kuna madhara ambayo mwanaume hatayasema mbele ya nesi aliye sawa na binti yake, na mlango uko wazi, na foleni yote inasikia. Nguvu za kiume, yaani. Atenololi, dawa nyingine ya presha, na vile vidonge vya maji vinatajwa sana kwenye hilo, ingawa haki isemwe, presha yenyewe ikikaa muda mrefu bila kutibiwa inaharibu mishipa na matokeo yanakuwa yaleyale. Sasa baba akiona mambo hayaendi nyumbani hafikirii mishipa, anafikiria kidonge. Anakiacha, hamwambii mkewe, hamwambii daktari, anakwenda kununua vumbi la Kongo ambalo hakuna ajuaye mna nini ndani yake. Mkewe anadhani ana mchepuko. Ndoa inayumba na kulikuwa na dawa nyingine kwenye kabati la hospitali hiyohiyo.

Wanaoruka kidonge cha maji siku ya safari mimi nawaelewa kabisa, panda basi la Mwanza umekunywa kile kitu afu ngoja mpaka konda aamue kusimama kuchimba dawa. Muulizeni daktari mapema mtapanga muda. Kitunguu swaumu kuleni kwenye mchuzi, sio badala ya kidonge. Wanaogawana vidonge na jirani, acheni, anaweza kuwa na presha kama yako na figo tofauti na zako. Mdomo au ulimi ukivimba ghafla na unatumia hizo za "pril", hapo sio pa kusubiri kliniki, hospitali muda huohuo, na sisi watu weusi linatupata zaidi. Mwenye mimba au anayetafuta mtoto aseme kabla hajaandikiwa, hizo pril na losatani hazimfai.

Na atenololi usiikate siku moja eti umechoka. Moyo unaweza kukurudia vibaya.

Ombi langu ni dogo. Ile bahasha ya 1x1 ina upande wa nyuma, mweupe, hauna kazi. Pigeni muhuri, kwa Kiswahili: ukikohoa, miguu ikivimba, ukishindwa mambo ya chumbani, usiache, rudi tukubadilishie. Wino wa muhuri bei gani?

Mjomba anaendelea na losatani, analalamika tu kwamba kule kwao ni ghali kuliko ile ya mwanzo. Kikombe chake kimerudi kabatini na vya wenzie. Yule kijana wa msikitini lakini kipaza sauti hajakiachia mpaka leo, na mjomba anasema anavuta herufi vibaya.