Kamera moja, lenzi moja na mwanga wa Dar: mwaka wa pili na RX10 IV

Juzi mdogo wangu mmoja wa Tandika kanipigia simu, zamu yake ya mchezo imefika, hela anayo mkononi na anataka kuanza kupiga picha kwa umakini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, ninunue kama ya kwako au nichukue mirolesi na lenzi mbili?" Mirolesi ni zile kamera za kisasa ambazo lenzi yake inatoka na unaweka nyingine. Nikamwomba siku mbili, maana mi kamera yangu naipenda, na mtu akipenda kitu anakisifia mpaka pale kisipostahili. Sasa nimekaa, nimewaza, na naandika hapa ili na wengine wenye swali kama lake wasome.

Ya kwangu ni kamera ya briji. Kwa ambaye hajakutana na neno hili, ni ile yenye umbo la kamera kubwa, ina tundu la kuchungulia, ina kishikio cha mkono mzima, ila lenzi haitoki, ulivyoinunua ndivyo itakavyokuwa mpaka ife. Zipo za bei rahisi na zipo za bei ya juu. Yangu ni Sony RX10 IV, iliyotoka 2017 kwa bei ya karibu dola 1,700 kule Marekani, mi nilichukua iliyotumika. Lenzi yake inaanza milimita 24 inaenda hadi 600 kwa hesabu za kamera za fulu fremu, zile ambazo sensa yake (kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ni kubwa. Maana yake unapiga chumba kizima cha sebuleni, alafu bila kusogea hatua unavuta mpaka unaona macho ya ndege aliyetua juu ya mlingoti.

Na hapo ndipo mapenzi yangu yalipoanzia. Nenda Kunduchi alfajiri mashua zinaporudi, upepo umebeba chumvi na mchanga, wanaume wanashusha samaki, akina mama wanabishana bei, yangeyange wanazunguka miguuni wanasubiri utumbo. Ukiwa na kamera ya lenzi za kubadilisha hapo una mawili, aidha ukae na lenzi moja ukose nusu ya mambo, au uifungue kamera kwenye upepo ule na mchanga uingie kwenye sensa. Mi nasimama sehemu moja, nampiga mama kwa upana na beseni lake na bahari nyuma, sekunde mbili baadaye nimemvuta nahodha aliye mbali kabisa na ufukwe. Mikumi mwezi wa nane ni hivyo hivyo, vumbi la barabara za mbugani linaingia mpaka kwenye meno, wenzangu garini wanabadilisha lenzi chini ya kanga wakati tembo anaondoka, mi naendelea kupiga. Kamera ina uzito wa kilo 1 na gramu kama 95, sio nyepesi, ila begi zima ndio hilo hilo. Ukipanda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni utaelewa tofauti ya kubeba kitu kimoja na kubeba vitatu.

Ila sasa mwanga. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa.

Sensa ya kamera yangu inaitwa ya inchi 1, na jina hilo linapotosha, limebaki tangu enzi za mirija ya kamera za video. Ukiipima kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ya fulu fremu ni 36 kwa 24, ukizidisha unakuta eneo lake ni zaidi ya mara saba ya hii. Eneo ndio linalokusanya mwanga, hamna uchawi mwingine. Namba ya f inaonyesha tundu la lenzi limefunguka kiasi gani, ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Lenzi yangu inafunguka f/2.4 ukiwa upana kabisa, ukivuta hadi milimita 100 hivi imeshafika f/4 na inabaki hapo mpaka 600. Utasikia watu wanasema "600 kwa f/4, lenzi kama hiyo ya fulu fremu ina kilo tatu na inauzwa zaidi ya dola elfu kumi, wewe unaipata kwa bei hii!" Kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ni kweli, f/4 ni f/4. Lakini kwa ukungu wa nyuma ya mtu na kwa usafi wa picha gizani, hii f/4 inafanana na kama f/11 ya fulu fremu. Yule anayekuuzia halitaji hili, na wewe unaligundua ukumbini.

Mi nililigundua kwenye sendofu ya binamu yangu, ukumbi mmoja maeneo ya Sinza, taa za zambarau na bluu, moshi wa jukwaani, mshereheshaji kazima taa kubwa ili bibi harusi mtarajiwa aingie. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, nikaenda 6400. Kwenye kioo kidogo cha nyuma picha zilionekana nzuri. Nyumbani kwenye kompyuta uso wa binamu ulikuwa na chengachenga kama redio iliyokosa stesheni, rangi ya ngozi imekufa, na yale machozi ya shangazi wakati anamkabidhi mwanae, ambayo ndiyo hasa niliyaendea, yameyeyuka. Shangazi alizipokea kwa furaha, akaniombea dua, ila mi roho iliniuma na bado inaniuma kwa sababu siku ile hairudiwi. Mpiga picha rafiki yangu anayefanya harusi kila wiki aliniambia neno moja tu, "ukumbini njoo na lenzi ya f/1.8, hiyo yako iishie jua linapozama." Yuko sahihi. Hata mechi za ndondo, mpaka saa kumi na moja kamera inafuata mpira vizuri mno, fokasi yake ina pointi 315 na inapiga fremu 24 kwa sekunde, ikifika saa kumi na mbili jua linashuka haraka kama ilivyo kawaida yetu huku na mchezo kwangu umeisha. Na hizo fremu 24 nazo zina gharama, ukizipiga mfululizo kamera inachukua muda mrefu kuzihifadhi kwenye kadi, menyu zinagoma, unakaa unasubiri wakati goli la pili linafungwa.

Kingine ambacho watathmini wa Ulaya hawawezi kukwambia ni unyevu wa Dar. Masika fangasi anaota ndani ya lenzi kama anavyoota kwenye viatu vya ngozi kabatini. Lenzi ya kubadilisha ikipata fangasi unampelekea fundi hiyo lenzi, mwili wa kamera unaendelea na kazi. Hii yangu lenzi na mwili ni kitu kimoja, na kila unapovuta lile bomba linatoka na kurudi, linavuta hewa ndani, na hewa ya pwani yetu ina chumvi. Mota ya lenzi ikigoma ikiwa imetoka nje, umepoteza kila kitu kwa mkupuo. Mafundi wawili niliowauliza Kariakoo wote walisema kuifungua wanaweza, kuhakikisha itarudi kama ilivyokuwa hawawezi, na nawaheshimu kwa kusema ukweli. Kwa hiyo yangu inalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakti vya silika vya kunyonya unyevu ninavyovikusanya kwenye maboksi ya viatu. Ni jambo la kila siku, usiliruke.

Betri inatoa kama picha 400, wastani tu, ila inachaji kwa waya wa USB hata kwenye pawabenki, na umeme wetu unavyokatika hilo limeniokoa.

Alafu kuna macho ya watu. Lenzi ikitoka yote inatisha. Karibu na Ikulu, bandarini, au kwenye kambi za jeshi usiinue kabisa, hapo hata simu ni kesi. Lakini hata mtaani, muuza mihogo aliyekuwa anacheka ananyamaza akiona bomba linamtazama. Nimejifunza kusalimia kwanza, kuongea, kununua mihogo, alafu napiga kwa upana nikiwa karibu. Ile 600 naiachia ndege na mashua.

Kuna wanaouliza kuhusu Nikon P1000 inayofika milimita 3000. Kwa kupiga mwezi inafurahisha kweli, ila sensa yake ni kama robo ya hii na uzito umepita kilo 1.4, jioni tu ishachoka. Panasonic FZ1000 ndio ningemshauri mwenye bajeti ndogo, ni ya 2014, sensa ni ya inchi 1 hiyo hiyo, inafika 400, na iliyotumika unaipata kwa bei ya kibinadamu.

Basi mdogo wangu, nimeshakupigia na nakuandikia tena hapa. Kama umepanga kula kwa harusi na sendofu, chukua mirolesi hata ya zamani, na hela ya kwanza iende kwenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, hiyo ya mbali utaitafuta baadaye. Kama ni pwani, ndege, mbuga, watoto wa shule kwenye mashindano ya mchana, njoo Jumamosi nikuazime yangu tukashinde nayo Kunduchi. Mi siiuzi. Mwezi wa kumi na mbili binamu wa pili naye ana sendofu, na nimeshalipia kukodi fulu fremu.