Bosi mkali au mnyanyasaji? Mstari upo wapi hasa

Kila ikiguswa hii mada ya unyanyasaji kazini watu wanagawanyika papo hapo. Kundi la kwanza litakwambia vijana wa siku hizi mayai, ukiwagusa kidogo wanapasuka, sisi tulitukanwa tukakomaa. Kundi la pili kila wakikosolewa wananyanyaswa, yani hata kuulizwa ripoti iko wapi ni kuvurugwa kisaikolojia. Mi naona wote wana kaukweli kidogo ila wa kwanza wamekosea zaidi.

Bosi mkali tumpe haki yake kwanza. Kuna kazi ukizembea mtu anapoteza mkono kwenye mashine, sasa ukifokewa sekunde ile usikimbilie kusema umeonewa. Kukosolewa kunauma hata ukikosolewa kwa haki. Na tusidanganyane, kuna wavivu neno unyanyasaji ndo ngao yao, nimeshafanya kazi na mtu wa hivyo na mzigo wake tuliubeba sisi.

Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti Sweden miaka ya 80, alitaka vitendo viwe vinatokea angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi 6 hivi, ndo aite unyanyasaji. Alikuwa anatazama mrudio. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, umeenda kwingine, unasema hata tukio moja linatosha. Mi kwa kutishwa au kushikwashikwa nakubaliana na mkataba, ila kwa haya mambo ya maneno na kununiwa naona Leymann alikuwa na pointi, maana nani hajawahi kuamka vibaya akamjibu mwenzake ovyo?

Kipimo changu ni kidogo tu: ukitoka mbele ya huyo mtu unajua cha kurekebisha? Bosi mkali anakwambia ukurasa wa 4 hesabu hazijumliki, rudia, naitaka saa 8. Mnyanyasaji anaishika ripoti hiyohiyo kikaoni mbele ya watu 12, anafunua kurasa mbili, anacheka, anauliza "hivi wewe ulisoma wapi?" halafu anaendelea na ajenda nyingine. Unarudi mezani kwako hujui kama kosa ni hesabu au ni sura yako.

Na mara nyingi wala hakuna kelele. Timu ina grupu la WhatsApp we hujaunganishwa, kikao kinapangwa huambiwi kisha unaulizwa mbona hukuja, unabebeshwa kazi za watu watatu au hupewi kabisa unakodolea skrini mpaka saa ya kutoka. Wanaokufanyia hivyo wanaweza kuwa wenzako wa ngazi moja, bosi hata hana habari. Ukipeleka HR (idara ya wafanyakazi) kimojakimoja unaonekana kichekesho, eti hajaniitikia salamu. Kwa upande mwingine HR nao hawawezi kumfukuza mtu kwa majungu, mtuhumiwa naye lazima asikilizwe, na zipo ofisi watu wanapanga kabisa kumchongea bosi wasiyempenda. Ndo maana daftari lenye tarehe, saa na nani alikuwepo lina nguvu kuliko machozi, inauma lakini ndo hivyo.

Sasa ile hoja ya "tulikomaa" inapoanguka ni hapa. Jumapili jioni tumbo limeshakaza, meseji ikiingia moyo unadunda kabla hujaona imetoka kwa nani, imeili ya mistari mitatu unaisoma mara sita ndo uitume, saa 9 usiku uko macho unarudia kichwani maneno ya jana. Ubongo wenye hofu muda wote hauna nafasi ya kazi, kwa hiyo mtu anaanza kukosea kweli, na yule aliyekuwa anamsingizia uzembe sasa ana ushahidi mkononi. Baadaye inaweza kuwa sonona kabisa. Na hao wanaosema walikomaa hawawahesabu walioacha kazi kimyakimya, wanahesabiana wao waliobaki.

Watu wa "biashara ni biashara" wasome kesi ya France Télécom, kampuni ya simu ya Ufaransa. Kampuni ilitaka wafanyakazi 22,000 waondoke, na utetezi ulikuwa kwamba ilikuwa lazima ibadilike, jambo ambalo kibiashara lina mantiki. Ila watu walihamishwahamishwa na kuvurugwa mpaka wachoke wenyewe, wapo waliojiua, na Desemba 2019 mahakama ya Paris ikawatia hatiani kampuni yenyewe na aliyekuwa bosi wake mkuu, Didier Lombard. Wengi wa wale wafanyakazi hata hawakuwahi kuonana naye, unyanyasaji ulishuka kama mpango wa kazi kupitia mameneja wa kawaida waliokuwa wanatimiza malengo yao.

Kuna kundi la tatu huwa halitajwi, nami nimeshakuwa humo. Ile siku ya ripoti na watu 12, mmoja alicheka na bosi, wengine tukainamia simu zetu. Baada ya kikao nikamfuata yule dada kwenye korido nikamwambia pole, we mzoee tu ndo alivyo. Akaniangalia, akasema asante, na kuanzia siku hiyo hakuwahi tena kukaa karibu na mimi kikaoni.