Jangwa la Origins si nafasi tupu
Nimesoma makala kuhusu mchezo wa video wa Assassin's Creed Origins: eti jangwa lake limewekwa tu ili ramani ionekane kubwa? Sikubali hata kidogo. Misri ya Cleopatra iliishi kwa Mto Nile, mbali na mto ni mchanga, na ndiyo maana kuingia Alexandria kutoka Siwa, oasisi ya jangwani, kunasisimua vile. Tena ukikaa sana juani, Bayek, mhusika unayemchezesha, anaanza kuona mazigazi. Hilo tupu gani? Kinachochosha ni viwango vya nguvu vya wahusika. Adui aliyekuzidi viwango vichache hadhuriki kirahisi, naye anakumaliza kwa mapigo machache, basi hadithi inasimama hadi ufanye kazi za pembeni, zisizo za hadithi kuu, ili upande kiwango. Makala imelipita hilo haraka mno. Nyinyi mlioucheza, kazi hizo mlizifanya kwa kupenda au kwa kulazimika?