Seneta Haogopi Pesa Peke Yake

Aprili 17, 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Seneti ya Marekani ilipigia kura pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Waliounga mkono walikuwa 54, waliokataa 46. Zilihitajika kura 60. Pendekezo likafa, ilhali katika kura za maoni karibu Wamarekani 9 kati ya 10 walilitaka.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba maseneta walinunuliwa na NRA, kundi la shinikizo la wenye bunduki. Yanaridhisha, ila hesabu haikai sawa. Kisheria, kamati ya kisiasa ya kundi kama hilo haiwezi kumkabidhi mgombea zaidi ya dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja, na kampeni ya useneta hula mamilioni. Nani auze kura yake kwa nauli?

Tuwatazame wale tisa. Walimjibu mtafiti, wakarudi kwenye shughuli zao. Yule wa kumi alipiga simu ofisini kwa seneta, akapiga tena kesho yake, na siku ya kura za mchujo, ambapo wapiga kura huwa wachache, hakosekani. Msimamo wa mgombea kuhusu kodi haumshughulishi. Ana jambo lake moja. Wayne Wheeler wa Anti-Saloon League, kundi la kupinga pombe lililoanzia Ohio mwaka 1893, aliijua siri hii mapema: hakujali mgombea ni wa chama gani, wala kama jioni anakunywa, mradi bungeni apige kura ya kuipinga pombe. Mwaka 1919 marufuku ikaingia kwenye katiba. Ilipofutwa mwaka 1933, makundi mengine yalikuwa yamekwishajifunza mbinu zilezile.

Sina mapenzi na bunduki. Mimi ningekuwa upande wa wale 54. Lakini mlango anaopitia mwenye bunduki ndio huohuo anaopitia mgonjwa. Afrika Kusini, chama tawala kilishinda uchaguzi wa 1999 kwa takriban asilimia 66 ya kura, kisha serikali yake ikasuasua kusambaza nevirapine, dawa inayopunguza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto VVU wakati wa kujifungua. Uchaguzi uliofuata ulikuwa 2004. Mjamzito hawezi kusubiri 2004. Wanaharakati wa Treatment Action Campaign waliandamana, wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali iondoe vizuizi vya dawa hiyo. Anayetaka makundi ya shinikizo yanyamazishwe aeleze wale kina mama wangemwendea nani.

Wanaoyashuku makundi haya nao wana hoja nzito. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Citizens United, mwaka 2010, kampuni na makundi yanaweza kutumia kiasi chochote kwenye matangazo ya uchaguzi, alimradi hayapangi pamoja na mgombea. NRA hiyohiyo ilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumpigania Trump mwaka 2016. Huko New York mwaka 2024, kamati iliyofungamana na AIPAC, kundi linaloitetea Israel, ilimwaga zaidi ya dola milioni 14 dhidi ya mbunge Jamaal Bowman, na matangazo yake kwa sehemu kubwa hayakuigusa Israel kabisa. Bowman alikuwa na makosa yake, na huenda angeshindwa hata hivyo. Lakini mpiga kura alielezwa ugomvi ambao sio uliozileta zile pesa.

Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa makundi haya. Mwanachama anayepiga simu hutaja jina lake na shida yake, na seneta anaweza kumjibu. Ila yapo makundi yasiyolazimika kutaja wafadhili wake, nayo yanaweza kupitisha pesa kwenye kamati zinazolipia matangazo. Mwaka 2010 uliletwa mswada wa kulazimisha wafadhili hao watajwe. Baraza la Wawakilishi liliupitisha. Septemba mwaka huo ukapigiwa kura Seneti, ukapata 59. Zilihitajika 60.