Dishi, Mafuta na Kanga ya Mama Mkwe

Ukisikia mtu anajisifu kwamba atapika maharage ya usiku kwa jua la mchana, mwulize kwanza nguo zinaanikwa wapi. Mimi sikuulizwa.

Dishi lenyewe ni lile la zamani la televisheni, upana sentimita 150, kina 24. Zidisha upana kwa upana, gawanya kwa kina mara 16: mwanga unakutana sentimita 59 hivi kutoka kitovuni. Hapo ndipo nilipochomelea nondo za kukalia chungu. Foili nimeibandika bila mikunjo, maana kila mkunjo unatupa mwanga kwa majirani. Jua la Dodoma la saa sita likiwa safi, chungu kinapata kama wati 700, upepo usipodai fungu lake. Kila dakika 20 unalisogeza dishi, kwa sababu jua nalo limeshasogea nyuzi 5.

Joto la jioni nalihifadhi kwenye mafuta ya alizeti. Mchanga niliujaribu: chini unaunguza, juu unaweza kuukalia. Mafuta yanajizungusha yenyewe. Siku hiyo nilitia lita 5.5 kwenye chungu cha chuma cha lita 6, nikaona nafasi imebaki tele. Kumbe kila mafuta yakipanda kwa nyuzi 100 yanavimba karibu asilimia 7. Yalipofika nyuzi 210 karibu robo lita ilikuwa imeshamwagikia dishini, uwanja mzima unanukia vitumbua, kuku wa jirani wamekuja kukagua. Chungu kile mwisho wake ni lita 5, basi.

Saa tisa alasiri nikavaa glavu, nikakihamishia chungu kwenye sanduku lenye pumba za mpunga, sentimita 15 kila upande. Kati ya chungu na pumba kuna majivu. Pumba zikigusana na chuma cha moto namna hiyo zinaanza kufuka. Juu ya chungu nikaketisha sufuria ya maharage, nusu kilo, yaliyolowekwa tangu usiku. Nikafunika, nikajipongeza.

Dishi nikaliacha wazi, uso kwa uso na jua. Halikufunikwa turubai wala halikugeuzwa.

Mama mkwe, mgeni wetu wa siku ya tatu, akatoka na kanga aliyoifua. Kamba imejaa. Akaona nondo tupu, ziko juani, hazina kazi. Akaitandaza hapo, imekunjwa mara mbili, jina likiwa juu.

Kanga ikaanza kutoa mvuke.

“Baba, hiki kitu chako kinakausha kweli!”

Maji yakiwamo, kitambaa hakivuki nyuzi 100. Yakishakauka, hizo wati zote kwenye eneo la kiganja hazina mazungumzo: nilipofika mlangoni moshi ulikuwa umegeuka kahawia, nilipofika kwenye ndoo kulikuwa na moto. Nilimwaga maji bila kufikiri. Bahati chungu kilikuwa kimeshaondoka, kwani maji na mafuta ya nyuzi 210 hayasalimiani, yanalipuka.

Mama hakupiga kelele. Aliishika kanga kwa ncha mbili, akainyoosha mbele ya uso wangu.

“Haya baba, eleza.”

Asubuhi ilikuwa imeandikwa SINA SIRI NINA JIBU. Tundu lilikuwa limekula maneno mawili ya katikati.