Tanuri la taka linapimwa saa ngapi?

Wanaopinga matanuri ya kuchomea taka huanza na moshi. Wanaoyatetea huanza na umeme yanaouzalisha. Mimi naanzia kwenye kibali cha kuyaendesha: kinadai nini, na nani anahakikisha kinafuatwa.

Watetezi wana hoja nzito. Taka zikichomwa, ujazo wake hupungua kwa karibu asilimia 90. Dampo la wazi, kwa upande wake, hutoa gesi ya methani, huvujisha sumu ardhini, na huweza kuua. Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata kikazinduliwa mahali hapo kiwanda cha kuchomea taka cha Reppie, kilichosanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Anayesema tusichome hana budi aseme pia taka hizo ziende wapi.

Ila kuchoma vizuri ni kazi ngumu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka gesi za tanuri zikae kwenye nyuzi joto 850 kwa sekunde 2 au zaidi, ili dayoksini, kemikali zenye sumu kali, zivunjike. Moshi ukipoa polepole dayoksini hujiunda upya, kwa hiyo hupozwa haraka, hupuliziwa unga wa mkaa maalumu, kisha hupitishwa kwenye mifuko ya kuchujia. Sasa mtazame mwendesha kreni juu ya shimo la taka, akichota, akiinua, akimwaga tena ili kuzichanganya. Akilisha tanuri lundo la mabaki ya chakula yaliyolowa maji, joto linashuka, na vichomeo vya akiba vinawashwa kulipandisha. Saa kama hizo, pamoja na zile za kuwasha na kuzima tanuri, ndizo za hatari.

Je, mdhibiti anaziona? Vumbi na kaboni monoksaidi hupimwa mfululizo. Dayoksini, ambazo kikomo chake ni nanogramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya moshi, kwa miaka mingi zimepimwa mara 2 tu kwa mwaka, saa 6 hadi 8 kila mara, tanuri likiwa limetulia. Tanuri hilo huwaka saa kama 8,000 kwa mwaka! Hapa nasimama na wapinzani. Eneo la Flanders, Ubelgiji, hukusanya sampuli kwa majuma mfululizo, kwa hiyo kisingizio kwamba haiwezekani hakipo.

Mikataba kati ya miji na wenye matanuri nayo ina mtego wake: mji ukijifunga kupeleka tani kadhaa kila mwaka kwa miaka 20, kuchakata plastiki, kunakopunguza tani hizo, kunageuka hasara.

Kisha kuna majivu. Yale ya kwenye vichujio ndiyo yaliyobeba sumu iliyozuiwa isitoke na moshi. Kibali kisichotaja yatazikwa wapi, na nani atalipia ulinzi wa eneo hilo kiwanda kikishafungwa, mimi nisingekitia saini.