Wanafunzi wa Nishinomiya Wauonyeshe Mji Wao

Tangu mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Wanawake cha Mukogawa, chenye makao yake Nishinomiya nchini Japani, kimekuwa na tawi katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, ambako wanafunzi wake hukaa miezi kadhaa wakisoma Kiingereza na kuwaonyesha wenyeji utamaduni wa kwao. Hawakuangukia Spokane kwa bahati tu, kwa kuwa miji hiyo miwili imeunganishwa na mkataba wa udugu tangu mwaka 1961, na katika bustani ya umma ya Manito, huko Spokane, ipo bustani ya Kijapani, iliyofunguliwa mwaka 1974, inayobeba jina la Nishinomiya.

Mambo yanayoonyeshwa katika shughuli za namna hii yanajulikana: origami (sanaa ya kukunja karatasi), maandishi ya brashi, vazi la yukata, na ngoma. Sina ugomvi nayo, maana mtoto aliyefaulu kukunja korongo wa karatasi huenda naye nyumbani kwa fahari. Hata hivyo, origami ni ya Japani nzima, na siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kujifunza bila mwalimu. Kitu ambacho wasichana hawa wanacho, na ambacho mkazi wa Spokane hatakipata kwa urahisi kwingine, ni Nishinomiya yenyewe.

Kila tarehe 10 Januari, saa kumi na mbili alfajiri, lango jekundu la hekalu la Ebisu, mungu wa wavuvi na wafanyabiashara, hufunguliwa, na umati uliokuwa ukisubiri kwenye baridi hutimua mbio za mita zipatazo 230 hadi ukumbi mkuu, ukiteleza na kugongana konani, ili watatu wa kwanza watangazwe kuwa watu wa heri wa mwaka huo. Mji huohuo una uwanja wa Koshien, ambao tangu mwaka 1924 umekuwa ndoto ya kila kijana wa sekondari anayecheza besiboli, mchezo ambao Wamarekani wanadhani ni wao peke yao. Una pia kumbukumbu nzito ya tetemeko la tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,000 katika eneo la Kobe na miji jirani, Nishinomiya ikiwamo. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao waliliona, na simulizi ya familia moja ingewakalisha wasikilizaji kimya kuliko onyesho lolote la mavazi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaosoma ughaibuni tuna kasoro iyo hiyo, pengine kubwa zaidi: tunaitwa tuionyeshe "Afrika", tunavaa vitenge na kupiga ngoma, ilhali mtu wa Makunduchi, Zanzibar, angeweza kuwaeleza wenyeji wake jinsi wanaume wanavyochapana kwa magomba siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi.

Wapo watakaosema kwamba karatasi ilichaguliwa kwa sababu mikono haihitaji sarufi, na wanafunzi hawa bado wanajikongoja katika Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, ila mbio za alfajiri zinaelezeka kwa picha tano na sentensi kumi fupi, na maswali yatakayofuata kutoka kwa wasikilizaji ndiyo Kiingereza chenyewe walichokifuata Spokane.